Namna ya Kufundisha Kumbukumbu ya Wafaransa Kuhusu Upinzani na Usaliti wa Wakati wa Vita: Mwongozo kwa Walimu wa Historia wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu mwenzangu wa sekondari, awe Iringa mjini, Mafinga, Njombe au Mbeya, anayesimamia klabu ya historia na angependa kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi taifa linavyoikumbuka miaka ambayo lilikaliwa kimabavu na adui. Nimechagua Ufaransa ya mwaka 1940 hadi 1944 kwa sababu Wafaransa wamebishana hadharani kuhusu miaka hiyo tangu vita vilipokwisha, na mabishano yao yana tarehe zinazojulikana, kiasi kwamba hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuyafuata. Sababu nyingine iko karibu zaidi na nyumbani. Siku moja tulipokuwa tukirudi kwa miguu kutoka makumbusho ya Kalenga, palipokuwa na ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, mwanafunzi mmoja alisogea kando yangu akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, waliowaonyesha Wajerumani njia walikuwa akina nani, na wajukuu wao wako wapi sasa?" Sikuwa na jibu la kumpa pale barabarani. Nilipoanza kusoma habari za Ufaransa ndipo nilipoona kwamba swali lile lile liliwasumbua Wafaransa, na kwamba kwa karibu miaka 30 walilizunguka bila kuligusa.

Tenga vipindi viwili vya dakika 40, na juma moja katikati yake. Andaa karatasi tatu au nne za manila, makapeni ya rangi mbili, gundi ya karatasi na ramani ya dunia. Somo liendeshwe kwa Kiswahili, kwa kuwa juma la katikati wanafunzi watakwenda kuzungumza na wazee wao, na hakuna babu atakayesimulia habari za vita kwa lugha ya mtihani.

Anza na matukio, tena kwa ufupi

Wanafunzi wengi wamesikia habari za Hitler lakini hawajui kwamba Ufaransa ilishindwa ndani ya majuma sita. Andika ubaoni: Mei 10, 1940, Wajerumani wanashambulia, Juni 14 wanaingia Paris, Juni 22 mkataba wa kusitisha vita unasainiwa. Eleza kwamba Julai 10 wabunge waliokusanyika katika mji wa Vichy walipiga kura 569 kwa 80 kumkabidhi Marshal Philippe Pétain, mzee wa miaka 84 aliyeheshimika kwa ushindi wa Verdun katika Vita vya Kwanza, mamlaka yote ya nchi. Kabla ya hapo, Juni 18, jenerali ambaye wananchi wengi hawakumjua, Charles de Gaulle, alikuwa amezungumza redioni kutoka London akiwataka Wafaransa waendelee kupigana. Waonyeshe wanafunzi kwamba Vichy, yaani utawala huo wa Pétain, ilikuwa serikali yenye mawaziri, polisi, mahakama na makarani, na kwamba ilitunga yenyewe sheria ya Oktoba 1940 ya kuwabagua Wayahudi. Wasipolielewa hilo, kila kitakachofuata kitaonekana kuwa kazi ya Wajerumani peke yao.

Kisha andika tarehe moja zaidi na uizungushie duara: Julai 16 na 17, 1942. Katika siku hizo mbili polisi wa Ufaransa walikamata Wayahudi zaidi ya 13,000 katika Paris na vitongoji vyake, wakiwamo watoto zaidi ya 4,000, na maelfu yao wakafungiwa katika uwanja wa ndani wa mashindano ya baiskeli. Hadi vita vinakwisha, Wayahudi wapatao 76,000 walikuwa wamesafirishwa kutoka Ufaransa kwenda kwenye kambi za mauti, na waliorudi hai walikuwa takribani 2,500. Soma tarakimu hizo polepole, kisha nyamaza kidogo. Usiwaharakishe.

Mstari wenye tarehe mbili

Hapa ndipo penye kiini cha somo, nami ningependa utumie hapa muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Chora mistari miwili mirefu ubaoni, mmoja juu na mwingine chini. Mstari wa juu ni wa matukio, wa chini ni wa masimulizi. Waambie wanafunzi kwamba kila habari ya vita ina tarehe mbili, yaani siku jambo lilipotokea na siku liliposimuliwa, na kwamba kazi yao ni kuziunganisha tarehe hizo kwa kapeni nyekundu na kuuliza kwa nini habari hii ilisimuliwa wakati ule na si mapema zaidi.

Kwenye mstari wa chini anza na Agosti 25, 1944. Jioni hiyo de Gaulle alisimama katika jengo la manispaa ya Paris akautangazia umati kwamba jiji limejikomboa lenyewe, kwa nguvu za watu wake na kwa msaada wa majeshi ya Ufaransa. Wamarekani na Waingereza aliwagusia kwa maneno machache tu. Alikuwa na nchi iliyogawanyika, ambamo maelfu ya watu walioshukiwa usaliti walikuwa wakiuawa bila mahakama, na aliona kwamba hadithi ya taifa zima lililopinga ingeweza kuwakalisha watu pamoja. Alikataa hata kuitangaza upya Jamhuri, akisema haikuwahi kukoma na kwamba Vichy ilikuwa batili tangu mwanzo. Mwanafunzi makini atauliza: kama Vichy ilikuwa batili, ni nani basi aliyewakamata wale 13,000? Akiuliza, msifu mbele ya wenzake, kwa sababu swali hilo halikujibiwa na kiongozi wa nchi hadi mwaka 1995.

Sasa fanya zoezi la kofia. Mwaka 1956 filamu fupi kuhusu kambi za Wanazi ilipelekwa mbele ya wakaguzi wa serikali ya Ufaransa. Ndani yake kulikuwa na picha ya kambi moja katika eneo la Loiret, kusini mwa Paris, ambamo Wayahudi walizuiliwa kabla ya kusafirishwa, na mbele ya picha hiyo alisimama mlinzi akiitazama kambi. Mlinzi huyo alivaa kepi, kofia ya mviringo ambayo kila Mfaransa aliijua kuwa ni ya askari polisi wa nchi yake mwenyewe. Wakaguzi hawakuwa na tatizo na waya wala mabanda. Walichokataa ni kofia. Filamu iliruhusiwa baada ya kofia kufunikwa kwa kuchora kitu mfano wa boriti juu yake.

Chora picha hiyo kwenye manila kabla ya kipindi: mabanda kwa mbali, uzio, na mtu aliyeonekana kwa mgongo akiwa na kepi kichwani. Bandika ukanda mwembamba wa karatasi juu ya kofia. Waulize wanafunzi mlinzi huyu ni wa taifa gani, nao karibu wote watajibu kwamba ni Mjerumani. Bandua ukanda. Katika miaka yote niliyofanya zoezi hili sijaona njia bora zaidi ya kumwelewesha mtoto kwamba kumbukumbu inaweza kupotoshwa bila mtu kusema neno moja la uongo.

Endelea haraka na vituo vingine. Desemba 19, 1964, mabaki yanayoaminika kuwa ya Jean Moulin, aliyeyaunganisha makundi ya upinzani chini ya baraza moja mwezi Mei 1943 na kufa mwezi Julai mwaka huo baada ya mateso ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, yaliingizwa katika Panthéon, jengo ambamo Ufaransa huwazika mashujaa wake. Mwaka 1971 filamu ya mahojiano na watu wa mji wa Clermont-Ferrand, waliokiri mbele ya kamera hofu zao, ukimya wao na hata ushabiki wao kwa Pétain, ilionyeshwa katika majumba ya sinema, lakini televisheni ya Ufaransa haikuionyesha hadi 1981. Mwaka 1972 mwanahistoria Mmarekani Robert Paxton, akitumia zaidi nyaraka za Kijerumani, alionyesha kwamba mara nyingi Vichy ndiyo iliyotangulia kuomba ushirikiano, tofauti na madai kwamba Pétain alikuwa ngao ya kuwakinga wananchi. Julai 16, 1995, Rais Jacques Chirac alitamka kwamba Wafaransa na dola la Ufaransa walimsaidia mvamizi katika uhalifu wake. Wanafunzi wavute mstari mwekundu kutoka 1942 hadi 1995, kisha wahesabu wenyewe: miaka 53.

Kosa nililolifanya, nawe uliepuke

Mara ya kwanza nilipofundisha mada hii niligawa darasa katika makundi mawili, upande wa kulia wapinzani na upande wa kushoto wasaliti, nikawataka wajadiliane. Ikawa kelele tupu. Waliopangiwa upinzani walijaa fahari kana kwamba wao wenyewe wamelipua reli, na binti mmoja wa upande wa pili aliniambia baadaye kwamba wenzake walimwita kibaraka hadi bwenini. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo simpangii mtoto yeyote upande.

Ninachofanya sasa ni kuwapa mtu mmoja na tarehe tatu. Chukua kijana aliyezaliwa mwaka 1922 kijijini katikati ya Ufaransa. Juni 1940 ana miaka 18, barabara zimejaa wakimbizi, na mzee Pétain anasema redioni kwamba vita vimekwisha. Mama yake analia kwa nafuu. Novemba 1942 Wajerumani wanaingia hata kusini, eneo ambalo lilikuwa halijakaliwa. Februari 1943 inatoka sheria inayowalazimisha vijana waliozaliwa kati ya 1920 na 1922 kwenda kufanya kazi Ujerumani. Afanyeje? Akikataa atajificha milimani na msituni, na huko ndiko wengi walikokutana na makundi ya wapiganaji, wengine kwa imani, wengine kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda. Atahitaji mkulima wa kumpa viazi, karani wa kumtengenezea cheti bandia, na jirani ambaye atanyamaza. Waache wanafunzi waamue kwa kila tarehe, waandike sababu, kisha walinganishe walichoandika kwa 1940 na walichoandika kwa 1943. Watagundua kwamba wamebadilika wao wenyewe ndani ya nusu saa.

Ukitaka mfano wa mtu halisi, mtumie François Mitterrand, aliyefanya kazi katika utawala wa Vichy, akapewa nishani yake, akaingia katika upinzani mwaka 1943, na hatimaye akawa Rais wa Ufaransa kuanzia 1981 hadi 1995. Ila uwe mwangalifu, kwa sababu kuelewa ugumu wa uchaguzi hakufuti tofauti. Wakazi wa Le Chambon-sur-Lignon na vijiji jirani, wakiongozwa na mchungaji wao André Trocmé, waliwaficha Wayahudi kwa maelfu. Maurice Papon, ofisa wa serikali katika eneo la Bordeaux, alisaini karatasi za kuwasafirisha, na mwaka 1998 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 10. Mwanafunzi asitoke darasani akidhani kwamba hao wote walikuwa sawa.

Pima maneno

Neno ushirikiano kwetu ni zuri. Tumelisikia tangu shule ya msingi, katika vyama vya msingi vya mazao na katika hotuba. Waeleze wanafunzi kwamba kwa Wafaransa neno lenye maana hiyo hiyo lilichafuka Oktoba 1940, pale Pétain alipopeana mkono na Hitler katika stesheni ya Montoire na siku chache baadaye akalitangazia taifa kwamba anaingia katika njia hiyo. Kwa hiyo unapotafsiri, sema ushirikiano na adui. Neno usaliti litumie kwa tendo lililothibitika, na neno kibaraka ni bora lisitamkwe darasani mpaka mjadala umekomaa, kwa kuwa ni tusi kabla ya kuwa maelezo.

Uliza nani hayumo

De Gaulle aliteua wapiganaji 1,038 kuwa wenzi wa ukombozi, na miongoni mwao wanawake walikuwa sita. Wakati huo huo, baada ya Wajerumani kuondoka, wanawake wapatao 20,000 walinyolewa nywele hadharani kwa tuhuma za kuwa karibu na adui. Weka takwimu hizo mbili bega kwa bega, uwaache wasichana wazungumze kwanza. Wageni nao walisubiri sana: Missak Manouchian, Muarmenia aliyeongoza kundi la wapiganaji wengi wao wahamiaji na aliyepigwa risasi Februari 21, 1944, aliingizwa Panthéon miaka 80 kamili baadaye, Februari 21, 2024.

Na Waafrika. Waonyeshe Chad kwenye ramani, ambako gavana mweusi Félix Éboué alimuunga mkono de Gaulle mwezi Agosti 1940, wakati magavana wengi wa makoloni walikuwa bado upande wa Vichy. Na Brazzaville, iliyokuwa makao makuu ya Ufaransa Huru, yaani upande wa de Gaulle. Waeleze pia kuhusu Thiaroye, karibu na Dakar, ambako Desemba 1, 1944, jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wake Waafrika waliotoka katika kifungo cha Wajerumani na kudai malipo yao. Ufaransa ilitangaza kwa miaka mingi kwamba waliokufa walikuwa 35, idadi inayopingwa hadi leo, na ilikuwa Novemba 2024 ndipo Rais wake alipoliita tukio hilo mauaji ya halaiki katika barua kwa Rais wa Senegal.

Usiiondoe ramani ubaoni kabla ya kuonyesha Bukini, yaani Madagaska. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya Vichy, na mwaka 1942 Waingereza walipokiteka walipeleka askari wa Keya (King's African Rifles) kutoka Afrika Mashariki, kikiwamo kikosi cha Tanganyika. Waliingia Antananarivo mwezi Septemba, na gavana wa Vichy akasalimu amri mapema Novemba. Yamkini mwanafunzi wako mmoja anatoka katika familia iliyokuwa na babu aliyesema "nilipigana Bukini", nao wote wakidhani alipigana na Wajerumani au Wajapani. Alipigana na serikali ya Pétain. Sijui kiungo kingine kinachoileta Ufaransa ya Vichy hadi kwenye kibaraza cha nyumba ya Iringa kwa ukaribu kiasi hicho.

Juma la katikati, na kurudi Kalenga

Kazi ya nyumbani ni kumhoji mzee mmoja. Mwanafunzi aanze kwa kamwene, salamu ya Kihehe, na salamu zote zinazofuata, asubiri akaribishwe kigoda, ndipo aeleze shida yake. Asiulize "Babu, nani alikuwa msaliti?" Aulize badala yake: habari hii ulisimuliwa na nani, ukiwa na umri gani, na wakati ule nani hakutakiwa kuisikia? Wazee wa upande wa Ifunda na Kidugala huenda wakakumbuka waliyosikia kuhusu wakimbizi wa Kipolandi waliowekwa kambini huko wakati wa vita vya Hitler. Hayo nayo yaandikwe.

Katika kipindi cha pili, chora tena mistari miwili, safari hii ya kwetu. Juu weka Agosti 17, 1891, Lugalo, ambako Wahehe waliwashinda Wajerumani. Oktoba 30, 1894, kuanguka kwa Kalenga. Julai 19, 1898, kifo cha Mkwawa baada ya kuwindwa huku kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Ongeza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, aliyesimikwa na Wajerumani mwezi Desemba 1896 na kuuawa nao Februari 1897 kwa kumshuku kuwa anamsaidia ndugu yake kwa siri. Waulize wanafunzi wangemwandika kwa kapeni ya rangi gani. Ongeza pia Merere wa Usangu aliyeungana na Wajerumani, na usisahau kusema kwamba Wasangu walikuwa wamefukuzwa katika nchi yao na Wahehe, kwa hiyo vita hivyo hivyo vilivyowapokonya wengine boma viliwarudisha wengine nyumbani. Darasa la Iringa au Mbarali lina watoto wa pande zote mbili. Utani wa makabila utakusaidia kulegeza hewa, lakini ukisikia utani umegeuka kuwa kejeli, simamisha mjadala na urudi Ufaransa kwa dakika chache mpaka watulie.

Kwenye mstari wa chini weka Juni 19, 1954, siku ambayo Gavana Edward Twining alilikabidhi fuvu la Mkwawa, lililokuwa limechukuliwa na Wajerumani, kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa umetaka fuvu hilo lirudishwe ndani ya miezi sita. Wanafunzi wajadili kwa nini Waingereza walilileta mwaka ule, siku 18 kabla TANU haijaanzishwa.

Mwishoni kusanya daftari za mahojiano. Majina ya familia zinazotajwa kwa ubaya yabadilishwe kwa herufi kabla hujazisoma kwa sauti, kwa kuwa wajukuu wanakaa dawati moja. Na juu ya kila ukurasa, kona ya kushoto, mwanafunzi aandike mwaka wa tukio. Kona ya kulia, siku na mwezi alioketi na yule mzee kumsikiliza.